MVUA IKINYESHA, MAJI YANAKWENDA WAPI?



Mavuno yakiwa mabaya, tunasema: "Mwaka huu mvua haikutosha." Mara nyingine ni kweli. Lakini mara nyingine mvua ilinyesha ya kutosha, ila haikuingia ardhini. Ilipita juu ya shamba, ikateremka korongoni, ikaondoka na udongo. Siku chache baadaye jua likawaka, na mahindi yakaanza kunyauka.

Mvua hatuwezi kuiamrisha. Lakini maji yakishafika chini, kazi ni yetu. Tukijua maji mangapi yanaingia ardhini na mangapi yanakimbia, tutajua la kufanya. Na kujua si kazi ya wataalamu peke yao. Aliyejifunza kusoma na kujumlisha anaweza kujua.

Katika makala haya tutatumia mfano wa Dodoma. Dodoma ni mkoa mkavu. Sehemu nyingi za huko hupata kiasi cha milimita 550 hadi 600 za mvua kwa mwaka, na karibu zote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Mahali kama hapo kila debe la maji lina thamani.

NJIA TATU ZA MAJI

Tone la mvua likifika shambani lina njia tatu.

Njia ya kwanza ni kuzama. Udongo unayanywa maji. Mizizi inayapata, na yanayobaki huteremka chini zaidi, yakalisha visima na chemchemi.

Njia ya pili ni kukimbia. Udongo ukishindwa kuyanywa, maji hutiririka juu ya ardhi kufuata mteremko. Haya tutayaita maji ya mtiririko.

Njia ya tatu ni kupaa. Jua na upepo huyakausha, yakarudi hewani.

Leo tutazungumzia zaidi njia mbili za kwanza. Hizo ni kama ndugu wawili wanaogawana chungu kimoja cha uji. Mmoja akizidishiwa, mwenzake anapungukiwa.

UDONGO UNAKUNYWAJE?

Chukua bonge la udongo ulitazame vizuri. Lina vitundu vidogo vingi. Vingine vimeachwa na mizizi iliyooza. Vingine vimetobolewa na nyungunyungu, mchwa na siafu. Vingine ni nafasi tu kati ya chembe na chembe. Maji hupita humo.

Udongo wa kichanga una chembe kubwa na vitundu vikubwa. Hunywa maji upesi, lakini hauyashiki muda mrefu. Udongo wa mfinyanzi una chembe ndogo sana. Hunywa polepole, lakini hushika maji mengi. Udongo wa tifutifu uko katikati.

Wataalamu wa umwagiliaji wamepima. Udongo wa kichanga ukishalowa huweza kunywa zaidi ya milimita 30 kwa saa moja. Tifutifu hunywa kama milimita 10 hadi 20. Mfinyanzi hunywa milimita 1 hadi 5 tu. Milimita ni ile nafasi ndogo kabisa kati ya mstari na mstari kwenye rula ya shule.

Udongo mkavu hunywa upesi mwanzoni, kama mtu aliyetoka safari na kiu. Baadaye hupunguza. Udongo mweusi wa mbugani ni mfano mzuri. Wakati wa kiangazi una nyufa kubwa, na mvua ya kwanza hutumbukia humo. Lakini ukilowa hufura, nyufa zikajifunga, na maji yakasimama juu.

Lakini aina ya udongo siyo yote. Mashamba mawili yenye udongo wa aina moja yanaweza kunywa maji tofauti kabisa. Kwa nini? Kwa sababu ya kinachofunika udongo.

Tone la mvua kubwa hupiga ardhi kama nyundo. Likikuta ardhi tupu, hupasua udongo, na chembe ndogo zikaruka juu. Tazama ukuta wa nyumba ya udongo baada ya mvua: sehemu ya chini imechafuka kwa tope lililoruka. Chembe hizo zikitua huziba vitundu. Mvua ikikatika na jua likiwaka, juu ya udongo kunabaki gamba gumu. Mvua ya pili ikija inakuta mlango umefungwa.

Mifugo wengi wakipita mahali pamoja kila siku, nao hushindilia ardhi. Njia ya ng'ombe huwa ngumu kama sakafu. Ndiyo maana makorongo mengi huanzia kwenye njia za ng'ombe na za miguu.

MVUA YA POLE NA MVUA YA KISHINDO

Tuseme shamba lako hunywa milimita 10 kwa saa. Leo imenyesha mvua ya milimita 30.

Kama mvua hiyo imenyesha polepole kwa saa 6, kila saa zimeshuka milimita 5. Shamba linaweza kunywa 10. Kwa hiyo maji yote yameingia.

Lakini kama mvua ile ile imenyesha kwa nusu saa tu, mambo ni mengine. Katika nusu saa shamba limekunywa milimita 5. Zimebaki milimita 25. Hizo zitakwenda wapi? Zitakimbia.

Umeona? Mvua ni ile ile. Ukiuliza kipimo utaambiwa milimita 30 siku zote mbili. Lakini mkulima wa kwanza amepata zote, na wa pili amepata sehemu moja tu katika sita. Na Dodoma, mvua nyingi ni za namna hiyo ya pili: huja kwa kishindo na kukatika upesi.

VIPIMO VYA MPWAPWA

Katika miaka ya 1930, wataalamu wa kilimo walifanya jaribio huko Mpwapwa. Walitenga vipande vya ardhi mahali pamoja, kwenye mteremko usio mkali. Kipande kimoja kiliachwa kitupu. Kingine kililimwa na kupandwa nafaka. Kingine kiliachwa na majani. Kingine kiliachwa na vichaka. Mvua iliyovinyeshea ilikuwa moja. Chini ya kila kipande walikinga maji na udongo uliotoka.

Matokeo yalikuwa hivi. Katika kila madebe 100 ya mvua ya mwaka:

Ardhi tupu ilipoteza madebe 50 hivi.
Shamba la nafaka lilipoteza madebe 26 hivi.
Ardhi yenye majani ilipoteza madebe 2 hivi.
Ardhi yenye vichaka haikupoteza hata debe 1.

Soma tena mistari hiyo polepole. Ardhi tupu ilitupa nusu ya mvua yote. Yenye majani ilibaki na karibu yote.

Na udongo je? Ardhi tupu ilipoteza kiasi cha tani 146 za udongo kwa hekta kwa mwaka. Shamba la nafaka lilipoteza tani 78 hivi. Majani na vichaka havikupoteza udongo wa kupimika. Hekta moja ni eka mbili na nusu. Kwa hiyo katika eka moja ya ardhi tupu zilitoka kama tani 58. Hayo ni malori 8 ya tani saba saba, yamejaa udongo, yameondoka shambani bila mtu kusikia mlio wa injini.

PIMA MVUA YAKO

Sasa tufanye hesabu zetu wenyewe. Kwanza pima mvua.

Tafuta kopo lenye pande zilizonyooka, mdomo wake uwe sawa na kitako chake. Lifunge juu ya nguzo mahali pa wazi, mbali na miti na paa. Kila siku saa 3 asubuhi chomeka rula ndani ya kopo mpaka kwenye kitako, usome maji yamefika milimita ngapi. Kama rula yako haianzii kwenye ncha, ongeza kile kipande cha mwanzo. Andika kwenye daftari tarehe na kipimo. Kisha mwaga maji.

Wengine watauliza: kopo kubwa si litapata maji mengi zaidi? Ndiyo, litapata maji mengi, lakini kitako chake nacho ni kipana. Kina cha maji kitakuwa kile kile. Sisi tunapima kina tu.

Sasa shika jambo moja, maana hesabu zote zinaanzia hapa:

Milimita 1 ya mvua katika mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji.

Mita ya mraba ni eneo lenye urefu wa mita moja na upana wa mita moja.

HESABU YA PAA

Tuanze na hesabu rahisi, kwa sababu bati halinywi maji. Nyumba yako ina urefu wa mita 8 na upana wa mita 5. Zidisha: 8 mara 5 ni mita za mraba 40. Mvua imenyesha milimita 20. Zidisha tena: 40 mara 20 ni lita 800.

Maji mengine huruka nje na mengine humwagika kwenye mfereji wa bati. Toa sehemu moja katika tano. Zinabaki lita 640. Debe moja ni lita 20. Gawanya: ni madebe 32. Mvua ya mchana mmoja imekuletea mlangoni madebe 32. Fikiria mama anayekwenda mtoni angebeba kichwani mara ngapi kupata maji hayo! Lakini maji ya mvua ya kwanza yaache yasafishe paa, usiyakinge ya kunywa.

HESABU YA EKA MOJA

Eka moja ni kama mita za mraba 4,000. Mvua imenyesha milimita 30. Zidisha: 4,000 mara 30 ni lita 120,000. Gawanya kwa 20: ni madebe 6,000. Hayo yote yameshuka juu ya eka yako.

Sasa tumia vipimo vya Mpwapwa kukadiria. Kama ardhi ni tupu na imeshika gamba, nusu imekimbia: madebe 3,000. Kama ni shamba la nafaka lisilo na kinga, robo imekimbia: madebe 1,500. Kama imefunikwa na majani, yamekimbia madebe 120 tu.

Kumbuka kwamba haya ni makadirio. Vipimo vya Mpwapwa ni vya mwaka mzima. Mvua moja ya kishindo inaweza kukimbiza zaidi. Mvua ya manyunyu inaweza isikimbize hata kidogo. Mteremko mkali huongeza. Udongo uliolowa tangu jana huongeza vile vile. Hata hivyo makadirio ni bora kuliko kubahatisha.

PIMA UDONGO WAKO

Unataka kujua udongo wako unakunywaje? Chukua kopo kubwa, kwa mfano la rangi, ulioshe, ukate juu na chini libaki kama bomba. Likandamize kwenye udongo mpaka lizame upana wa vidole vitatu. Mimina maji ndani polepole, yafike kina cha vidole vitatu au vinne. Pima kina kwa rula. Baada ya dakika 10 pima tena.

Kama maji yameshuka milimita 5 kwa dakika 10, kwa saa moja ni milimita 30, maana saa ina dakika 10 mara sita.

Rudia kumimina mara tatu au nne mahali hapo hapo. Mara ya kwanza udongo una kiu na utakudanganya. Andika kipimo cha mwisho. Halafu fanya hivyo hivyo mahali patatu: kwenye njia ya ng'ombe, katikati ya shamba, na chini ya mti wenye majani yaliyooza. Tumia kopo lile lile. Maji mengine huponyoka pembeni chini ya kopo, kwa hiyo namba yenyewe huwa kubwa kidogo kuliko kweli. Lakini kwa kulinganisha mahali na mahali inatosha kabisa. Fanyeni jaribio hili kikundi kizima, mjionee kwa macho.

HESABU YA LAMBO

Hesabu hii ina kazi nyingine kubwa. Vijiji vingi huchimba lambo la kunyweshea mifugo. Watu hujitolea, huchanga fedha, hubeba mawe. Halafu lambo halijai. Au mbaya zaidi, linajaa kupita kiasi na tuta linakatika usiku mmoja. Nguvu zote zimekwenda na maji.

Kabla ya kushika jembe, kadirieni. Pandeni juu ya mteremko mwone ni eneo gani linaloteremshia maji hapo. Tuseme ni eka 10 za mashamba. Mvua ya milimita 30 katika eka 10 ni lita 1,200,000. Robo yake ndiyo itakayokimbia: lita 300,000, yaani madebe 15,000. Sasa mnajua mvua moja kama hiyo italeta nini.

Lakini fikirieni pia mvua kubwa. Tuseme siku moja inanyesha milimita 60, na ardhi imelowa tangu jana. Katika eka 10 zimeshuka lita 2,400,000. Nusu ikikimbia ni lita 1,200,000. Mvua imeongezeka mara mbili tu, lakini maji yanayofika lamboni yameongezeka mara nne! Kwa hiyo njia ya kutolea maji ya ziada ijengwe kwa kufikiria siku hiyo, siyo siku ya kawaida. Kabla ya kujenga tuta mwiteni mtaalamu wa maji apime. Mkiwa na daftari la mvua la miaka miwili mitatu, mtaongea naye mkiwa na ushahidi mkononi.

Tena msisahau tope. Bwawa la Ikowa, mkoani Dodoma, lilijengwa mwaka 1957. Maji yaliyokimbia kutoka kwenye miteremko yalibeba udongo, na nafasi ya maji bwawani ikapungua mwaka hadi mwaka. Anayetaka lambo lake lidumu aanze kutunza ardhi ya juu yake.

TUFANYE NINI?

Kazi ni tatu: kufunika, kufungua na kuzuia.

Kufunika. Acha mabua na majani shambani, usiyachome. Panda kunde au maboga katikati ya mahindi yafunike ardhi. Tone likidondokea jani, nyundo imepoteza nguvu.

Kufungua. Vunja gamba kwa jembe wakati wa kupalilia. Tia samadi. Samadi huwaita wadudu, na wadudu hutoboa vitundu bila kulipwa.

Kuzuia. Lima matuta ya kukata mteremko, yasishuke nao. Ukifunga mifereji ya matuta kwa vijituta vidogo kila baada ya hatua chache, kila shimo linakuwa bakuli la maji. Wamatengo wa Mbinga, mkoani Ruvuma, wana ujuzi wao wa siku nyingi uitwao ngoro. Hufyeka majani, huyapanga kwa miraba, huyafunika kwa udongo na kupanda juu yake. Katikati ya kila mraba hubaki shimo la kukinga maji. Hulima hivyo kwenye milima mikali.

Je, ardhi iliyoharibika inaweza kupona? Tazama Kondoa. Ardhi ya huko ilikuwa imechimbwa na makorongo makubwa. Mwaka 1973 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, ulioitwa HADO. Watu walichimba makinga maji na kupanda miti. Mwaka 1979 mifugo iliondolewa katika eneo lililoharibika. Majani na vichaka vikarudi kwenye vilima, na maji ya mtiririko yakapungua. Lakini tuseme kweli: kuondoa mifugo kuliwaumiza wengi. Ng'ombe ndiye akiba, mahari, maziwa na samadi. Baadaye baadhi ya wenyeji waliruhusiwa kufuga ng'ombe wachache kwa kuwalisha zizini.

Kondoa inatufundisha mambo mawili. Ardhi ikifunikwa hupona. Na tukichelewa, dawa inakuwa chungu. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Tuta la leo ni kazi ya siku chache. Korongo la kesho litakula shamba la mtoto wako.

Basi ndugu msomaji, mvua ijayo ikianza usibaki ndani tu. Mvua ikitulia, chukua fimbo uzunguke shambani. Tazama maji yanaanzia wapi kukimbia, yanapita wapi, na rangi yake ni ipi. Maji meupe yamekwenda peke yake. Maji mekundu yamekwenda na shamba lako.

MASWALI YA KUJADILI

1. Taja njia tatu zinazofuatwa na maji ya mvua.
2. Kwa nini ardhi tupu hushika gamba?
3. Paa lina urefu wa mita 10 na upana wa mita 6. Mvua imenyesha milimita 15. Toa sehemu moja katika tano. Utapata madebe mangapi? (Jibu: madebe 36.)
4. Katika kijiji chenu, maji ya mvua hukimbia zaidi wapi? Nani wataanza kazi hapo, na lini?